Kikopo kisichotiwa chumvi

Mchicha ukinyauka shambani, mtu wa Malindi ana jibu mkononi: maji ya kisima yana chumvi. Huenda ni kweli. Lakini mchicha huo huo ulipandwa wakati wa kaskazi, mvua hakuna na jua linachoma. Mbegu yake ilikaa dukani tangu mwaka juzi. Na tuta lenyewe liko hatua tatu kutoka kwenye mwarobaini unaokunywa maji mchana na usiku. Hapo pana sababu nne kwenye tuta moja. Hata ukikaa barazani ukatazama miaka kumi, hutazitenganisha kwa macho.

Jaribio huzitenganisha. Unaandaa matuta mawili, au vikopo viwili, au mitungi miwili, vinavyolingana kwa kila kitu isipokuwa jambo moja, na jambo hilo umelitia wewe kwa mkono wako. Tofauti ikitokea, unajua wa kumshika. Watu hulielewa hilo upesi, kisha wakaliharibu upesi vilevile, na karibu kila mara huliharibu mahali pamoja: wanakiona kikopo kisichotiwa kitu kuwa ni hasara. Mbegu zimetumika, nafasi imekaliwa, na ndani hamna jambo jipya! Makala haya ni ya kukitetea kikopo hicho.

Mfano wa sababu zilizochanganyika uko hapa hapa ufukweni. Nguzo ya Vasco da Gama, yule baharia Mreno, hapa Malindi kila mtu anaijua. Machungwa yake hayasemwi sana. Aprili 1498, meli zake zilitia nanga Mombasa kabla ya kuja Malindi, na ndani mlikuwa na wagonjwa. Mfalme wa Mombasa akawapelekea kondoo, machungwa, ndimu na miwa. Wagonjwa wakapata nafuu, na mwandishi wa shajara ya safari akaisifu hewa ya mji. Januari 1499 wakarudi kutoka India baada ya karibu miezi mitatu baharini, kiseyeye (maradhi ya kukosa matunda na mboga mbichi) kimeshaua watu wapatao 30 njiani. Walipofika Malindi wakamtuma mtu pwani alete machungwa. Yakaja. Wengi wakafa vilevile, na safari hii shajara ikailaumu hewa. Hewa ya mji mmoja ikasifiwa, ya mwingine ikalaumiwa, na kati ya miji hiyo ni kama kilomita 120 tu.

Hawakuwa wajinga. Baharia akifika bandarini hubadilishiwa vyote kwa siku moja: maji mapya, nyama mbichi, matunda, usingizi, nchi kavu. Na wale waliokufa Malindi yawezekana walifika hali zao zimeshapita pa kuokolewa. Ilibidi ingojwe mpaka 1747, daktari James Lind ndani ya meli ya Uingereza iitwayo Salisbury alipochukua wagonjwa 12 wa kiseyeye wenye hali zinazokaribiana, akawalaza mahali pamoja, akawapa chakula kimoja, kisha akawagawa wawili wawili. Kila jozi ikapata dawa yake: kinywaji cha tufaha, asidi iliyozimuliwa, siki, maji ya bahari, mchanganyiko wa kitunguu saumu na haradali, na jozi moja ikapewa kila siku machungwa mawili na limau moja. Matunda yaliisha siku ya sita, na kufikia hapo mmoja wa wale wawili alikuwa tayari kurudi kazini. Watu wawili kwa dawa moja ni wachache mno, lakini safari hii hewa ilikuwa moja kwa wote, kwa hiyo haikuweza kusifiwa wala kulaumiwa.

Pojo na chumvi

Tuanze na pojo, ambazo jamaa wa bara huziita ndengu. Ni rahisi, na kwa joto la Malindi huanza kuota ndani ya siku moja.

Swali liulizwe kwa namba. "Je, chumvi ni mbaya?" halisaidii. Uliza: chumvi ikifika gramu ngapi kwa lita ndipo pojo huanza kushindwa kuota? Kisha, kabla hujagusa maji, andika utabiri unaoweza kukuaibisha: "Kwenye gramu 8 kwa lita, zitakazoota baada ya saa 48 zitakuwa pungufu ya zile za maji matupu." Utabiri ambao hauwezi kuwa uongo hauhitaji vikopo.

Tafuta vikopo 20 vya plastiki vya aina moja, tishu nyeupe zisizo na manukato, bomba la sindano la ml 10 kutoka duka la dawa, chupa ya lita moja, mizani ya jikoni, kalamu ya wino usiofutika, na pojo za mfuko mmoja. Utatumia punje 400, kama gramu 20 hivi, lakini nunua zaidi maana utachambua. Toa zilizotobolewa na fukusi, zilizopasuka na zilizosinyaa. Zitabaki nyingine ngumu kama changarawe, ambazo hazinywi maji hata zikae siku tatu. Hizo kwa macho hazijulikani, na ni sababu mojawapo ya kutumia punje nyingi badala ya tano tano. Zilizosalia zichanganye kwenye bakuli moja kabla ya kugawa. Ukijaza kikopo cha kwanza kwa punje za juu na cha mwisho kwa za chini, ujue ndogo huzama chini ya bakuli, na utakuwa umezipa ndogo chumvi na kubwa maji matupu bila kukusudia.

Wala usiziloweke kwanza. Mazoea ya jikoni yatakusukuma uziloweke, lakini punje iliyokwisha kushiba maji baridi haiulizwi tena swali la chumvi.

Maji yenyewe yana mtego. Ukiyeyusha chumvi kwenye maji ya kisima, kikopo chako cha "sifuri" hakina sifuri. Kina kiasi usichokijua, na vingine vyote vina kiasi hicho na zaidi. Tumia maji ya mvua yaliyokingwa safi, au ya chupa, na yawe ya aina moja toka mwanzo mpaka mwisho. Chumvi nayo iwe ya paketi moja. Ukianza na ya paketi ukamalizia na ya mawe kutoka Gongoni, umeshabadilisha mambo mawili.

Mizani ya jikoni husoma gramu nzima nzima. Ukipima gramu 2, unaweza kukosea nusu gramu, yaani robo ya kipimo chote. Ukipima gramu 16, kosa lile lile la nusu gramu ni kama asilimia 3 tu. Kwa hiyo pima mara moja, kingi, kisha punguza kwa maji. Tia gramu 16 za chumvi kwenye chupa, mimina maji mpaka nusu, tikisa mpaka iyeyuke yote, ndipo ujaze mpaka alama ya lita moja. Usiitie chumvi juu ya lita nzima iliyokwisha kujaa, maana ujazo utazidi lita. Chukua ml 200 za maji hayo, ongeza ml 200 za maji matupu: sasa una gramu 8 kwa lita. Chukua ml 200 za hayo mapya, ongeza ml 200: gramu 4. Rudia mara moja tena: gramu 2. Pamoja na maji matupu unapata ngazi tano: 0, 2, 4, 8 na 16. Kwa kukisia ulipo, maji ya bahari yana karibu gramu 35 kwa lita. Suuza chombo cha kupimia kila hatua, kwa sababu kosa la ngazi ya juu hushuka mpaka ya mwisho.

Sasa kura, ambayo wengi huiruka kwa kuiona ni mchezo wa watoto. Viandike vikopo namba 1 mpaka 20, uvipange kwenye sinia kwa mfuatano. Kata vipande 20 vya karatasi: vinne viandike 0, vinne 2, vinne 4, vinne 8, vinne 16. Vikunje, vichanganye kwenye kofia, uvute kimoja kimoja. Cha kwanza ni cha kikopo namba 1, na kuendelea. Upande wa sinia ulio karibu na dirisha una joto zaidi, na hakuna sinia isiyo na upande kama huo. Bila kura utapanga chumvi nyingi kulia na maji matupu kushoto, kwa sababu mkono hupenda mpangilio, kisha dirisha litajibu swali uliloiuliza chumvi.

Orodha ya kura akae nayo mtu mwingine, na huyo ndiye atie maji. Atakayehesabu asione kitu ila namba za vikopo.

Kila kikopo kiwekewe tishu mbili zilizokunjwa sawa, punje 20, na ml 8 za maji yake. Inamisha kikopo: maji yakitiririka na kukusanyika pembeni, yamezidi, na punje zitakosa hewa. Punguza, lakini upunguze kwa vyote 20. Funika kwa karatasi ya foili yenye matundu matatu ya sindano, uweke sinia kabatini. Pojo hazihitaji mwanga ili ziote, na ndani ya kabati joto halipandi na kushuka kama dirishani. Miguu ya meza au kabati isimame kwenye visahani vya maji, la sivyo sisimizi watafika kabla ya saa 24.

Kuna kosa moja linalostahili kuangaliwa kwa karibu, kwa sababu hufanywa kwa nia njema. Siku ya pili tishu huonekana zimeanza kukauka, na mtu mwangalifu huongeza ml 2 za maji ya kikopo kile kile, ya chumvi kwa ya chumvi, matupu kwa matupu. Inaonekana haki. Lakini kilichokauka ni maji peke yake. Chumvi haipandi hewani, imebaki palepale kwenye tishu. Ukitia ml 2 nyingine za maji ya gramu 8, umeongeza chumvi juu ya chumvi, na kikopo ulichokiita 8 sasa kiko 10. Ukifanya hivyo siku tatu, ngazi zako hazina maana tena. Kinachoongezwa ni maji matupu, kwa vikopo vyote, kwa kipimo kile kile. Afadhali zaidi ni kufunika vizuri ili usiongeze kitu.

Kabla ya kuhesabu, andika "imeota" maana yake nini. Iwe hivi: mzizi mweupe umetoka mm 2 au zaidi, umepimwa kwa rula. Bila maelezo hayo, anayeamini chumvi inaua ataona mm 2 kuwa ganda lililopasuka tu, na kwenye kikopo anachokipenda atauona ufa kuwa mzizi. Hafanyi kwa ujanja, ila jicho lina upande wake. Hesabu saa 24, 48 na 72. Saa 24 na 48 usizitoe punje. Funua, hesabu, funika.

Saa 72 unaweza pia kupima urefu wa mizizi, na mara nyingi urefu huonyesha dhara mapema kuliko hesabu ya zilizoota. Punje inaweza kuota kwenye maji ya chumvi lakini mzizi ukadumaa. Mzizi uliopinda ufuatishe kwa uzi, kisha upime uzi kwa rula. Pima zote 20 za kikopo. Ukichagua tano "za wastani", umeshachagua jibu.

Tuseme maji matupu yametoa 19, 17, 20 na 18. Simama hapo kwanza, usikimbilie chumvi. Vikopo vinne vyenye maji yale yale, pojo zile zile, kabati lile lile, vimetofautiana mpaka punje tatu. Huo ni mtikisiko wa kawaida, na hujui ukubwa wake mpaka uwe na zaidi ya kikopo kimoja kisicho na chumvi. Mwenye kikopo kimoja cha kila aina akipata 19 na 17 atatangaza kuwa chumvi imepunguza kuota, ilhali hizo ni namba zinazoweza kutoka kwenye maji matupu peke yake.

Tuseme gramu 2 zimetoa 18, 16, 19 na 17. Zimeingiliana na zile za kwanza. Huna la kusema. Gramu 8 zimetoa 12, 9, 14 na 10. Hapa kikopo bora cha chumvi kiko chini ya kibaya kabisa cha maji matupu. Je, inaweza kutokea kwa bahati tu? Vikopo 8 vinaweza kugawanywa nne kwa nne kwa njia 70. Kama chumvi haina athari yoyote, kura ingekuwa imeviangukia vile vinne dhaifu kwa njia moja tu kati ya hizo 70. Hesabu hiyo inasimama juu ya kura uliyopiga kwenye kofia. Kama vikopo ulivipanga kwa mkono, huna haki ya kuitumia.

Kwenye gramu 16 usishangae ukikuta chache sana, au hamna. Maji yenye chumvi nyingi huyashika maji yake, na punje hushindwa kuyavuta. Ukitaka kujua kama zimekufa au zimezuiwa, zisuuze, uzihamishie kwenye maji matupu, ungoje saa 48 nyingine. Hilo ni swali jipya, liandike kama jaribio jipya.

Mtungi

Kila mtu anasema mtungi hupoza maji, na jaribio linalofanywa ni lile lile: mtungi huku, jagi la plastiki kule, kipimajoto ndani. Mtungi unashinda, watu wanaridhika. Lakini mtungi na jagi vinatofautiana kwa rangi, unene, umbo, upana wa mdomo na uzito. Kipi kimepoza?

Kama unadhani ni maji yanayopenya kwenye udongo na kukauka nje, zuia hilo tu. Nunua mitungi midogo miwili ya mfinyanzi mmoja, wa siku moja. Umri ni muhimu: mtungi wa zamani uliotumika kwa maji ya kisima matundu yake huziba kwa chumvi na chokaa, na hautoki jasho kama mpya. Ijaze yote miwili, uiache siku nzima ilowe. Kisha mmoja uvalishe nailoni nyembamba nje, kuanzia shingoni mpaka kitakoni, uikaze ishikamane. Kila mmoja utie lita 3 za maji ya ndoo moja, ufunike kwa kifuniko cha aina moja, uweke juu ya kigae kivulini penye upepo, hatua moja mbali na mwenzake.

Lakini siku ya kwanza usivalishe wowote. Pima yote miwili ikiwa wazi, kila saa kuanzia saa 3 asubuhi mpaka saa 11 jioni. Ikitofautiana nusu digrii, basi siku ya nailoni tofauti ya nusu digrii haina habari yoyote. Siku ya pili vika wa kushoto. Usiku vua, uache ulowe tena. Siku ya tatu vika wa kulia, bila kuihamisha mitungi. Mtungi uliozaliwa na udongo mzuri zaidi, au uliokaa mahali penye upepo zaidi, utakuwa umevaa siku moja na kukaa wazi siku nyingine.

Kipimajoto kiwe kimoja kwa mitungi yote, maana viwili vya bei rahisi hutofautiana hata kwenye glasi moja. Kile cha kupimia homa hakifai: kimetengenezwa kwa joto la mwili, na maji ya digrii 27 yako chini ya kipimo chake. Tumia cha jikoni chenye ncha ya chuma. Koroga kwanza kwa kijiko, kwa sababu maji ya chini na ya juu hayako sawa, kisha hesabu mpaka 30 kabla ya kusoma.

Hesabu yake inapendeza. Gramu moja ya maji ikikauka huchukua joto la kama kilojuli 2.4, na lita moja ikipoa digrii moja hutoa kama kilojuli 4.2. Kwa hiyo kushusha lita 3 kwa digrii 4 kungehitaji gramu 21 tu zikauke. Jioni mimina maji, uyapime: utakuta yamepotea mengi kuliko hayo, kwa sababu joto la nje halikomi kuingia na mtungi hulifukuza kutwa nzima. Yaliyodondoka kwenye kigae yapime kando. Tone lililoanguka halikupoza kitu.

Usitarajie miujiza, hapa si nchi kavu. Mtungi hauwezi kushuka chini ya joto la kitambaa kibichi kilichopepewa, na hilo unalipata kwa kuizungushia ncha ya kipimajoto kitambaa chenye maji na kuipepea kwa kipepeo mpaka namba isimame. Hewa ya digrii 30 yenye unyevu wa asilimia 75, kama ya pwani yetu, inakomea karibu digrii 26. Hewa ya digrii 30 hizo hizo yenye unyevu wa asilimia 40 ingefika karibu 20. Ndiyo maana mtu wa bara kavu huapa kwa mtungi wake na wa Malindi hufuata friji, na wote wawili wanasema kweli.

Tui

Hili ni la jikoni na ni la saa moja. Kuna anayesema tui la nazi iliyokunwa kwa mbuzi analitambua hata usingizini, na la paketi halimdanganyi. Mpe vikombe 8: vinne vya tui la kukuna, vinne vya paketi, aambiwe wazi ni vinne kwa vinne, atenge vile anavyodhani ni vya kukuna. Ronald Fisher, mtakwimu wa Uingereza, alilieleza jaribio la namna hii mwaka 1935 kwa vikombe 8 vya chai ya maziwa.

Kazi iko kwenye kuondoa vijisababu. Machicha yatamfichua, basi chuja yote kwa kifumbu kisha kwa kitambaa kimoja. Uzito utamfichua, zimua mpaka yote mawili yateleze sawa kwenye mgongo wa kijiko. Joto litamfichua, yaweke kwenye sufuria moja ya maji ya moto kabla ya kumimina. Rangi nayo, mfunge macho. Anayemimina afuate mpangilio uliotoka kwa karata zilizochanganywa, kisha atoke. Anayepeleka vikombe asijue kilichomo, maana uso hutoa siri kuliko mdomo.

Njia ni zile zile 70. Akivipata vyote vinne, bahati tupu ingempa nafasi moja kati ya 70. Akipata vitatu na kukosea kimoja, watu watampigia makofi, na hawapaswi: nafasi ya kupata vitatu au zaidi kwa kubahatisha ni 17 kati ya 70, karibu robo. Kiwango cha kushinda kitajwe kabla ya kuonja. Na akishinda, amethibitisha kuwa anatofautisha. Kama la kukuna ni tamu zaidi, hilo halikuulizwa.

Kisima chenyewe

Baada ya vikopo 20 unayo ngazi ya chumvi iliyopimwa. Sasa rudia yote siku moja kwa vikopo 24, kundi la sita likiwa maji ya kile kisima kinacholaumiwa, nayo yaingie kwenye kofia ya kura kama mengine, bila jina.

Wakati unangoja, pima yana nini. Pima sufuria nyepesi ya alumini ikiwa kavu, uandike uzito. Chemsha humo lita 3 za maji ya kisima, ukiongeza kidogo kidogo, mpaka karibu yakauke. Mwisho punguza moto sana, maana yakianza kuruka utapoteza chumvi ukutani. Ikishapoa na kukauka kabisa, pima tena. Uzito uliozidi ugawe kwa 3. Ukipata gramu 6, maji yana gramu 2 kwa lita za vitu vilivyoyeyuka, na humo mna chokaa pia, si chumvi peke yake. Kupima lita moja tu kungekuacha na gramu mbili kwenye mizani isiyojua nusu.

Kisha linganisha. Vikopo vya kisima vikifanana na vya gramu 2, na vyote viko chini ya vya maji matupu, chumvi inatosha kuelezea. Vikiwa vibaya kupita vya gramu 2, kisimani mna jambo jingine zaidi ya chumvi. Na vikiwa sawa na vya maji matupu, kisima kimesingiziwa na macho yarudi kwa mwarobaini. Ila pojo si mchicha, na mimea haivumilii chumvi kwa kiasi kimoja. Kabla ya kushika shoka, rudia vikopo 24 kwa mbegu za mchicha zenyewe: 20 kwa kila kikopo, ukiziokota moja moja kwa ncha ya kijiti cha meno kilicholoweshwa, na feni imezimwa.